Maswali ya Wasomaji: Sauti ya Wenye Nyumba za Kupangisha Bungeni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wa hapa Uganda wanaoishi kwa mapato ya nyumba za kupangisha, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mwenye nyumba wa kawaida, asiye na jengo kubwa mjini wala wakili wa kudumu, atasikikaje pale sheria zinapotungwa? Nimechagua tano. Ili tusichanganyane, katika ukurasa huu fedha anazotoa mpangaji nitaziita pango, na neno kodi nitaliacha kwa zile zinazokwenda serikalini.

SWALI: Ndugu Mshauri, salamu nyingi. Nina vyumba vinane hapa Bugembe, Jinja, na kila kimoja ninakipangisha kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Mpangaji mmoja hajalipa kwa miezi mitano, na kila ninapomfuata ananiambia niende mahakamani kwa sababu Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inamlinda. Tuko wenye nyumba 19 katika parishi yetu na kilio chetu ni kimoja: sheria hii ilitungwa bila sisi kuulizwa. Tufanye nini ili ibadilishwe? (Mwenye vyumba, Jinja)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Nianze na deni lako, kwa maana kubadilisha sheria huchukua miaka na wewe una miezi mitano tu ya kuhesabu. Unadai shilingi 1,750,000. Tangu kanuni za 2011, mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo, unaopokea madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, na deni la pango limo ndani yake. Hapo unajieleza mwenyewe mbele ya hakimu bila wakili. Nenda na mkataba, risiti za miezi aliyolipa, na ujumbe wa simu ambao ndani yake alikiri deni. Sheria ya 2022 inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa ujumbe wa simu au kompyuta, kwa hiyo usiufute. Lakini elewa kwamba njia hiyo hukupatia fedha. Chumba chenyewe kinahitaji amri ya mahakama ya kumtoa mpangaji, na nakusihi usimtolee vyombo nje wala usimwondolee mlango, kwa sababu mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji bila amri hiyo anakuwa yeye ndiye mkosaji.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, na hapa nitasema jambo ambalo huenda lisikupendeze. Si kweli kwamba mlango ulifungwa. Kabla ya sheria hii tulikuwa tukitumia sheria ya kudhibiti pango iliyotungwa mwaka 1949, wakati wa Waingereza. Muswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji uliletwa mwaka 2018 na ukapelekwa katika Kamati ya Miundombinu. Bunge liliupitisha mwaka 2019, Rais akaurudisha ufikiriwe upya, na Bunge likaupitisha tena mwaka 2022. Hiyo ni takriban miaka minne ambayo maneno ya muswada huo yangeweza kuguswa. Wafanyabiashara wanaopanga maduka katika majengo ya Kampala walikuwa na jumuiya zao zenye ofisi na msemaji. Sisi wenye vyumba vya Bugembe, Kyaliwajala na Nansana tulisikia habari hizo redioni, na wengi wetu tulidhani zinahusu majengo ya mjini peke yake.

Nayasema haya bila kumlaumu mtu, maana hata mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhani hivyo. Nilibadilika baada ya kukaa siku moja katika chumba cha kamati ya Bunge nikisikiliza watu wakitoa maoni. Msemaji wa kwanza alizungumza kwa uchungu kwa muda mrefu, akaeleza jinsi wapangaji wanavyohama usiku, na wajumbe wakamsikiliza kwa adabu bila kuandika neno. Baada yake aliingia mama mmoja mwenye daftari la jalada gumu. Lilikuwa limechorwa safu kwa rula: jina la chumba, mwezi, kiasi, tarehe ya kulipwa, sahihi. Alifungua ukurasa mmoja akasoma tarehe ambayo mpangaji alisimama kulipa, tarehe aliyomwandikia barua ya kwanza, tarehe aliyokwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, tarehe ya kufungua kesi, na tarehe kesi ilipoahirishwa kwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mjumbe mmoja alimwomba arudie. Kisha akamwuliza ni kifungu gani anataka kibadilishwe na kisomeke vipi, naye akatoa karatasi iliyoandikwa maneno hayo kwa kalamu. Nikaona kalamu za mezani zikianza kuandika.

Kwa hiyo, mzee wangu, anzeni na madaftari yenu 19. Kila mmoja aandike mambo matatu ya miaka miwili iliyopita: miezi iliyopotea bila pango, muda uliopita tangu deni lianze hadi chumba kikarudi mikononi mwake, na gharama alizotumia njiani. Mkiyaweka pamoja mtakuwa na ushahidi ambao hata wizara inaweza kuwa haina kwa parishi yenu. Jiandikisheni kama chama, hata kikiwa kidogo, chenye katiba yake na sahihi za wanachama. Ibara ya 38 ya Katiba inampa kila raia wa Uganda haki ya kushiriki kwa amani katika shughuli za kushawishi sera za serikali kupitia mashirika ya kiraia, na ni vyema aya ya kwanza ya waraka wenu itaje ibara hiyo.

Baada ya hapo mna njia tatu, na hazilingani kwa uzito. Ya kwanza ni Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo ndiyo inayoisimamia sheria hii. Waziri hutunga kanuni za utekelezaji, na kanuni hazipitii safari ndefu ya muswada. Fomu za taarifa ya deni na utaratibu wa makabidhiano ya chumba mpangaji anapoondoka ni mambo ya kawaida ya kanuni, na wengi hawajui kwamba vita vingi vya wenye nyumba vinaweza kumalizikia hapo. Ya pili ni ombi rasmi la wananchi linalowasilishwa Bungeni na mbunge wenu, ambalo hupelekwa katika kamati. Ya tatu ni muswada binafsi wa mbunge, unaoruhusiwa na Ibara ya 94 ya Katiba. Njia hiyo inavutia kwa jina lakini ni ngumu kwa vitendo, kwa kuwa kila muswada unahitaji cheti cha athari za kifedha, kinachoeleza utaigusa vipi hazina ya serikali, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, na miswada mingi ya wabunge hukwama ikisubiri karatasi hiyo moja kutoka Wizara ya Fedha. Mimi ningeanza na ya kwanza, nikiandaa ya pili pembeni.

Na mtaomba nini? Hapa ndipo vyama vingi vya wenye nyumba hujiharibia. Wanakwenda kuomba amri ya mahakama iondolewe kabisa, mwenye nyumba arudishiwe uwezo wa kufunga chumba kwa kufuli lake. Siungi mkono ombi hilo, na hata ningeliunga mkono lisingefika mbali, kwa sababu wapiga kura wa mbunge yeyote wa mjini wengi wao ni wapangaji. Ombeni kasi ya mahakama. Ombeni sheria iweke idadi ya siku ambazo shauri la pango lisilolipwa lazima liwe limesikilizwa na kuamuliwa. Ombeni hakimu wa madai madogo aweze, katika shauri hilohilo la deni, kutoa pia amri ya chumba kurudishwa, ili mtu asifungue kesi mbili kwa jambo moja. Kuhusu kikomo cha kupandisha pango, yaani asilimia 10 kwa mwaka, msikipinge kwa maneno matupu. Onyesheni mwaka ambao gharama zenu zilipanda kupita hapo, mkitaja bei ya saruji, ya mabati na ya maji, kwa risiti. Mkikosa mwaka wa namna hiyo, basi kiacheni, kwa sababu kila ombi dhaifu mnaloliingiza katika waraka hupunguza nguvu ya maombi mazito yaliyo jirani yake.

SWALI: Mimi ni mjane mwenye vyumba sita Arua, kila kimoja kwa shilingi 200,000. Mwaka huu nimeezeka upya kwa shilingi milioni nne, lakini kodi ninatozwa kwenye pango lote kana kwamba sikutumia hata shilingi. Nasikia kampuni huruhusiwa kutoa gharama. Kwa nini sisi tusidai tutendewe kama kampuni? (Mama wa Arua)

JIBU: Mama, pole kwa mzigo huo wa kuezeka, na asante kwa kulipa kodi, kwa sababu mtu anayelipa ana haki ya kusimama mbele ya Kamati ya Fedha bila woga. Lakini kabla hujaweka sahihi kwenye ombi linalozunguka huko la kutendewa kama kampuni, tupige hesabu pamoja.

Pango lako la mwaka ni shilingi 14,400,000. Kwa utaratibu ulioanza Julai 2022, mtu binafsi huondolewa kwanza shilingi 2,820,000 zisizotozwa kodi, na kilichobaki hutozwa asilimia 12 bila kutoa gharama yoyote. Kwako zinabaki 11,580,000, na kodi yake ni shilingi 1,389,600. Kampuni inatozwa asilimia 30, nayo huruhusiwa kutoa gharama zisizozidi nusu ya pango. Tuseme kampuni yenye vyumba kama vyako imetumia gharama hadi kufikia kikomo hicho cha nusu: inabaki na 7,200,000, na kodi yake ni 2,160,000. Ukiingia na milioni zako nne za bati, ungetozwa asilimia 30 ya 10,400,000, yaani shilingi 3,120,000. Umeona, mama? Ombi la kutendewa kama kampuni lingekupandishia kodi zaidi ya mara mbili, na kuna watu wanalitia sahihi bila kukaa na kalamu.

Ombi ninaloliona la haki ni jingine. Tubaki kwenye asilimia 12, lakini mwaka wa matengenezo makubwa, mtu mwenye risiti halali za EFRIS, yaani mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, aruhusiwe kuyatoa kabla ya kutozwa. Kwako kodi ingeshuka hadi 909,600, na serikali ingeachia shilingi 480,000. Wizara itauliza hapohapo pengo hilo litazibwa na nini, na jibu unalo mkononi mwako. Ukinunua vifaa vya shilingi 4,000,000 katika duka lililosajiliwa, ndani ya bei hiyo mna VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, takriban shilingi 610,000, inayokusanywa katika mnyororo wa mauzo hadi duka hilo. Leo mwenye nyumba hana sababu ya kudai risiti, kwa hiyo hununua bati popote, hata pasipoandikwa kitu. Mpeni sababu, na risiti zitadaiwa. Hoja inayomsaidia mjane na hazina kwa wakati mmoja ni adimu, na ninaamini kwa dhati kwamba hii ni mojawapo.

Lililobaki ni majira. Miswada ya kodi huletwa pamoja na bajeti, ambayo kisheria Waziri wa Fedha huiwasilisha kufikia tarehe 1 Aprili, Bunge huimaliza kufikia tarehe 31 Mei, na kodi mpya huanza tarehe 1 Julai. Watu hupiga kelele mwezi Juni hotuba ya bajeti inaposomwa, ilhali wakati huo maneno yote yamekwisha kuandikwa. Waraka wenu uwe wizarani kabla ya Desemba, wakati mfumo wa bajeti unapoandaliwa, na nakala yake iwe tayari kwa Kamati ya Fedha mwezi Aprili. Usitegemee sana mbunge mmoja kuleta muswada wake mwenyewe. Ibara ya 93 ya Katiba inamzuia asiye upande wa serikali kuleta muswada wa kuweka au kuongeza kodi, na ingawa kupunguza kumeachwa wazi, kile cheti cha athari za kifedha nilichomtajia mzee wa Jinja kinamsubiri palepale.

SWALI: Tumenunua fleti katika jengo la ghorofa nne huko Naalya. Wamiliki tuko 16, baadhi tunaishi humo na wengine wamepangisha. Pampu ya maji imeharibika na wanne hawataki kuchangia. Je, nasi tuna sauti yoyote katika sheria, au sheria zote ni za mwenye jengo zima? (Mmiliki wa fleti, Kampala)

JIBU: Ninyi mna zaidi ya wengine, ila hamjaitumia. Sheria ya Umiliki wa Kondominiamu (jengo ambalo kila fleti ina mwenyewe) ya 2001 inasema kwamba mpango wa kondominiamu ukisajiliwa, wamiliki wote kwa pamoja wanakuwa shirika lenye uwezo wa kisheria wa kushtaki na kushtakiwa, na shirika hilo ndilo linalosimamia ngazi, paa, matangi na pampu na kuwatoza wamiliki michango yake. Hakikisheni kwanza kwamba mpango wenu umesajiliwa na kila mmoja ana hati ya fleti yake. Kama mlinunua kwa mkataba wa mauzo tu, deni la wale wanne mtalidai kwa shida sana.

Shirika likiwa hai, linaweza pia kuandika waraka kwa Bunge kwa jina lake, na lina la kusema. Sheria hiyo iliandikwa wakati majengo ya namna hii yalikuwa machache mno nchini. Ningependa mashirika ya Naalya, Bukoto na Ntinda yaombe kwa pamoja kwamba mchango usiolipwa uandikwe kwenye hati ya fleti husika, ili fleti isiuzwe kabla deni halijalipwa, na kwamba mjenzi asimalize kuuza bila kukabidhi vitabu vya hesabu na mikataba ya lifti na pampu. Jambo moja la kukumbuka kuhusu ushuru wa majengo unaotozwa na serikali za mitaa: nyumba anayoishi mwenyewe mmiliki husamehewa, ile iliyopangishwa hulipiwa. Mnapoandika waraka, msichanganye makundi hayo mawili, kwani maombi yao hayafanani.

SWALI: Ninasoma ukurasa wako kila toleo, na mimi ni mpangaji. Ninyi mnajipanga, mnaandika nyaraka, mnaingia kwenye kamati. Sisi tutaponea wapi? (Mpangaji, Mbale)

JIBU: Dada yangu au kaka yangu, chumba cha kamati hakina mlango wa wenye nyumba peke yao. Ibara ileile ya 38 ni yako, na waraka wako ukitaja kifungu na kueleza kilichokupata kwa tarehe utasomwa sawasawa na wetu. Sheria ya 2022 imekupa amri ya mahakama kabla ya kutolewa nje, na imekuwekea kikomo cha kupandishiwa pango. Mimi nimeishi katika chumba cha kupanga kwa miaka mingi kabla sijajenga, na najua usiku ule ambao mtu hukaa macho akisikiliza hatua za mwenye nyumba uani. Sitaandika hapa ushauri wa kuurudisha usiku huo.

Zaidi ya hayo, kuna mambo ambayo upande wako na wetu ungeyapeleka pamoja, na nimekuwa nikiyasisitiza kwa vyama ninavyovishauri. Kesi inayokaa mwaka mzima inamuumiza mpangaji aliyeonewa kama inavyomuumiza mwenye nyumba anayedai. Mita moja ya maji kwa vyumba kumi huleta ugomvi ambao hakuna upande unaoshinda. Mkataba mfupi wa kiwango kimoja, uliopigwa chapa na wizara kwa lugha ambazo watu wanazisoma, ungewaokoa wote wawili. Kama mna kikundi cha wapangaji hapo Mbale, niandikieni, nami nitawaunganisha na wenye nyumba wa Elgon walioniandikia mwaka jana wakitaka mkataba huohuo.

SWALI: Chama chetu cha Bombo kina wazee wengi ambao Kiingereza kinawapiga chenga. Je, waraka wa maoni tunaweza kuupeleka Bungeni kwa Kiswahili? (Katibu wa chama, Bombo)

JIBU: Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika Ibara ya 6 ya Katiba tangu marekebisho ya 2005, lakini kitumike katika mambo gani ni jambo lililoachiwa Bunge kulitungia sheria, na shughuli za kamati zinaendeshwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo waraka utakaokwenda kwa Katibu wa Bunge uwe wa Kiingereza. Lakini msianze nao huo. Andikeni kwanza kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya wazee wote, wabishane hadi wakubaliane, kila mmoja atie sahihi yake au dole gumba. Ndipo mumpe mfasiri, kisha mtu wa pili amsomee mwenyekiti tafsiri ile kwa Kiswahili aone kama bado inasema mliyoyasema. Nakala ya Kiswahili iambatanishwe nyuma, yenye sahihi zote, na siku ya kuitwa katika kamati aje nayo mzee mmoja anayejua kila mstari wake, pamoja na kijana wa kumtafsiria.